Rambirambi Zilizotangulia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeanza leo alfajiri, nami nimelazimika kuisogeza meza ya kazi mbali na dirisha. Daftari hili nimelijalidi mwenyewe kwa karatasi zilizobaki baada ya kazi ya rejesta za shule. Kurasa zake si za kimo kimoja. Namwomba radhi yeyote atakayelifungua.

Sababu ya kuandika ni binti yangu, ambaye anauguza wagonjwa katika nchi ya mbali. Amenitumia simu mpya, ile ya kioo kitupu, na kuniomba nijiunge na kundi la ukoo. Nilimjibu kwamba jambo hilo linanitia shaka. Akasema, "Baba, jaribu msimu huu mmoja tu wa mvua, halafu uniambie faida zake na hasara zake." Nimekubali. Nami nikitakiwa kutoa hukumu, ni haki kwanza niwe na kumbukumbu.

Jumatano, 6 Machi

Fundi cherehani, mwanamke aliyepanga chumba cha mbele cha nyumba hii, amekuja kunifungulia simu.

"Shikamoo, mzee. Nasikia umeingia mjini."

"Marahaba, mwanangu. Mjini nina miaka hamsini sasa."

"Hiyo ni kwa miguu. Leo unaingia kwa vidole."

Kundi lina watu sitini na wanane. Msimamizi wake ni mtoto wa mwisho wa kaka yangu, mwanamume wa miaka arobaini ambaye ukoo mzima humwita Msemaji, kwa kuwa hakuna habari inayompita bila kuitangaza. Fundi aliniambia niwasalimu watu. Nikaandika: *Ndugu wapendwa, baada ya salamu, natumaini ujumbe huu utawakuta mkiwa wazima wa afya kama uniachavyo mimi.* Nikaendelea mpaka mwisho, nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaweka tarehe.

Fundi alisoma, akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka akapiga chafya.

"Mzee wangu, humo ndani hakuna anayeandika barua. Watu wanatupa neno wanapita."

Jumapili, 10 Machi

Nimejibu salamu thelathini na moja, kila mtu kwa nafsi yake. Kazi hiyo imeniondolea mchana wote. Jioni Msemaji akaniandikia faraghani: "Baba mdogo, samahani, simu za watu zinalia tangu saa sita. Ukiweka tu kidole gumba inatosha."

Nilimshukuru kwa maelekezo. Hata hivyo nimeshindwa. Shangazi yake ana miaka sabini na tisa. Sioni nawezaje kumwonyesha kidole.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Vitabu vinne vya nyimbo, migongo mipya.

Jumapili, 17 Machi

Nimepitia orodha ya wanakundi, nikamkuta kaka yangu mkubwa, baba yake Msemaji. Hajapata kuandika neno humo. Lakini fundi amenionyesha mahali ambapo simu hutaja nani amesoma nini, na kaka amesoma kila kitu, pamoja na salamu yangu. Aliisoma siku ileile. Hakujibu.

Nadhani ni lazima nieleze, ingawa si habari ya kunipa sifa. Kaka yangu alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini. Hatujasemezana kwa miaka tisa, tangu mke wangu alipofariki. Siku ile binti yangu aliwapigia simu jamaa wote. Kwa kaka nilisema nitaandika mimi mwenyewe, kwa kuwa ni mkubwa wangu, na shule ya misheni ilitufunza kwamba jambo zito huandikwa. Nilipanga herufi kwa mkono wangu, nikachapa tangazo kwenye karatasi yenye ukingo mweusi, nikalituma kwa rejesta ya posta. Tulizika siku ya tatu. Barua ilifika siku ya sita. Yeye alikuwa ameshasikia habari kutoka kwa kinyozi wake, akiwa ameketi kitini, sabuni shavuni.

Akaniandikia mstari mmoja: *Umenitangazia kama mgeni.*

Nami, niliyekuwa nimechelewesha mazishi mpaka saa kumi nikimngoja yeye, niliona kwamba mimi ndiye niliyekosewa. Sikujibu. Mwaka wa kwanza kukaa kimya kulikuwa kazi. Baadaye kukawa mazoea.

Jumamosi, 23 Machi

Binamu yetu wa mbali amefariki. Msemaji aliweka picha yake kundini, iliyoondolewa rangi, bila neno lolote. Watu hamsini wakaandika "pumzika" ndani ya nusu saa. Mimi niliandika ukurasa mzima kuhusu marehemu, jinsi alivyokuwa akitutengenezea baiskeli zetu za shule. Hakuna aliyetia neno juu yake. Baada ya dakika tatu mtu mmoja aliuliza nani anauza jokofu.

Alhamisi, 28 Machi

Msiba mwingine, mjane wa mjomba. Picha isiyo na rangi, kama ile ya kwanza. Nimekwisha kuijua desturi ya kundi: picha ikiwa na rangi, mtu yu hai; ikinyimwa rangi, ameondoka. Ni lazima nikiri kwamba ni njia ya haraka. Siku moja imetosha kuwafikia watu wa nchi nne.

Jumatatu, 1 Aprili

Binti yangu amepiga simu ya picha. Nimeona jiko lake, sufuria zake, na pazia alilolishona vibaya. Tulikunywa chai pamoja, kwake ikiwa jioni na kwangu mchana. Alisema nimekonda. Nikamwambia ni kioo. Akasema, "Baba, kioo hakikondeshi shingo."

Hii naiandika upande wa faida, bila kusita.

Jumamosi, 6 Aprili

Fundi cherehani amepata mteja wa magauni kumi na mawili, mtu ambaye hajapata kumwona kwa macho. Picha za kazi zake zilipita simu hadi simu mpaka zikamfikia. Nilimpongeza. Akaweka mkasi chini, akasema bila uchungu wowote, kama anayetaja bei ya kitambaa:

"Na dada yangu yuko mtaa wa pili hapo. Kila asubuhi ananitumia moyo mwekundu. Mwaka wa pili huu hajakanyaga hapa. Ananipenda sana, simuni."

"Na wewe humwendei?"

"Mimi namrudishia moyo, mzee. Tumelingana."

Jumanne, 9 Aprili

Kaka yangu amefariki.

Picha imeingia saa nne asubuhi. Amevaa koti la stesheni, uso umeelekea mbele, rangi imeondolewa. Hakuna neno. Mvua ni kubwa tangu jana na mtandao unakatikakatika. Baada ya picha ile hakuna kilichoingia tena.

Nimeandika rambirambi kwanza kwenye karatasi, kisha kwa kidole. Imenichukua saa tatu. Ninainakili hapa sehemu yake, kwa kuwa sitakuwa na nguvu ya kuiandika mara nyingine.

*Kaka yangu alikuwa mtu wa saa. Treni zilimheshimu. Mimi nilichelewa kwake mara moja tu, na mara hiyo ilitosha. Nilipofiwa na mke wangu sikumpigia simu, si kwa kumdharau, bali kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye ningemsikia sauti ningelia, na nyumba ilikuwa imejaa watu. Nikajificha nyuma ya karatasi. Mwaka wa tatu nilisafiri mpaka mjini kwake. Nilifika penye lango lake la chuma, nikamsikia akikohoa ndani, mkono wangu ukakataa kubisha, nikarudi. Sasa halipo tena lango la kubisha. Ninaamini kwamba kabla ya kufumba macho alikwisha kunisamehe, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo bila kulifunga.*

Ujumbe ulikawia, kisha ukaenda. Nimeizima simu na kuitia kwenye sanduku la nyuzi. Nyumbani kwetu, siku ya msiba, redio ilikuwa ikizimwa. Nimeona ni heshima ileile. Kesho nitasafiri.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimerudi bila kufika. Daraja limechukuliwa na maji. Tulilala kituoni, abiria ishirini, na asubuhi gari likageuza. Mwanamke aliyekaa kando yangu aliniuliza naenda wapi na suti nyeusi katika matope yale. Nikamwambia ninakwenda kumzika kaka yangu. Akaniuliza kama tulikuwa tunaelewana. Nikamjibu kwamba tulikuwa tunafanana.

Ni mara ya pili sasa mazishi yananikuta mbali naye. Ya kwanza ilikuwa yeye, ya pili ni mimi.

Ijumaa, 12 Aprili

Naandika kwa utaratibu, nisije nikaruka jambo.

Saa mbili asubuhi fundi cherehani aligonga mlango. Kwa kawaida huingia akiwa anazungumza tayari. Leo alisimama.

"Mzee, simu yako iko wapi?"

"Nimeizima. Nina msiba."

"Binti yako amenipigia jana na juzi mpaka nimechoka kupokea. Kaa kwanza."

Nikakaa.

"Mzee, umemuua mtu."

Akanieleza. Tarehe tisa Aprili ni siku ya kuzaliwa kwa kaka yangu. Ametimiza miaka themanini na miwili. Msemaji alikuwa ameandaa hafla, akapata picha ya zamani ya baba yake, akaiondoa rangi kwa kuwa aliona inapendeza hivyo. Akaituma kundini kwanza. Maneno ya pongezi yangefuata. Mvua ikakata mtandao wa mji wao mpaka jioni. Katika saa hizo watu walikuwa na vitu viwili tu vya kushika: picha na rambirambi yangu. Na kwa kuwa mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na watu wote wanajua kwamba sijapata kufanya mzaha kwa maandishi, waliamini.

"Walilia, mzee. Walilia sana. Wengine wakaenda."

"Wakaenda wapi?"

"Msibani. Wapwa zenu wa mji wa jirani waliingia na viti vya kukodi. Wakamkuta marehemu anakata keki."

Nilimwomba maji. Alinipa, akaketi kwenye benchi la shinikizo la kubania vitabu, akafunika mdomo kwa kanga ya mabegani. Niliona mabega yanatikisika na sikumlaumu.

Nimeiwasha simu. Kulikuwa na ujumbe mia mbili na kumi na nne. Niliusoma wote, kwa mpangilio wake. Kwanza vilio. Kisha Msemaji, saa kumi na mbili jioni: "BABA YUKO HAI. Narudia, baba yuko hai, anawasalimu." Kisha hasira. Kisha kicheko. Kisha binti yangu, mara nyingi: "Baba, uko wapi? Baba, pokea."

Nimempigia binti yangu. Alilia, akacheka, akanikemea, kwa mfululizo huo. Kwa ukoo nimeandika kuomba radhi, mistari minne. Kwa kaka yangu sijui la kuandika. Alama inaonyesha kwamba rambirambi ameisoma.

Yu hai. Nimeandika kurasa mbili na sikuwa nimelitaja hilo peke yake. Kaka yangu yu hai.

Jumatatu, 15 Aprili

Rambirambi imetoka nje ya ukoo. Mtu, sijui nani, ameipeleka kwingine, na kijana nisiyemjua ameisoma kwa sauti ya kulia, na kinanda nyuma yake, huku akijifuta macho kwa kitambaa kikubwa kama shuka. Fundi hakutaka kunionyesha; niliomba. Maelfu ya watu wameitazama. Wananiita Mzee Rambirambi. Mmoja ameuliza kama naweza kumwandikia rambirambi mwenye nyumba wake mapema.

Hilo nilikubali kwamba linachekesha. Lakini kijana yule alipofika kwenye mke wangu, alitumia sauti ileile. Nilimwomba fundi azime. Akazima, na mchana ule akakaa pale kwangu akipindia mikono ya gauni, bila kuzungumza. Kwake hiyo ni sadaka kubwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Rejesta sita. Kaka hajasema neno.

Mwanamke nisiyemfahamu ameniandikia, sijui namba yangu aliipata wapi. Anasema alianza kwa kucheka, kisha akampigia ndugu yake. Hakueleza waliongea nini. Nilimshukuru, nikatia sahihi.

Jumanne, 23 Aprili

Binti yangu anashauri niondoke kundini mpaka mambo yapoe. Nimefikiria. Lakini kutoka chumbani baada ya kuvunja chombo bila kuwaangalia wenyeji si adabu. Nimebaki. Nasoma, sisemi. Sasa nafanana na kaka.

Alhamisi, 25 Aprili

Saa tisa alasiri umeingia ujumbe wa sauti kutoka simu ya kaka. Niliweka sindano chini. Nilinawa gundi mikononi kabla ya kuufungua.

Sauti imezeeka. Haikuharakisha.

"Bwana Karani." Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa niliandika hata orodha ya sokoni kwa mwandiko wa mashindano. "Bwana Karani, nimearifiwa kwamba nimekufa. Nimesomewa tangazo lako mara tatu. Lina makosa mawili. La kwanza: mimi sijapata kuwa na lango la chuma. Langu ni la mbao tangu nilipojenga. Lango la chuma ni la jirani, na aliyekuwa anakohoa ni jirani. Kwa hiyo ulisafiri siku nzima ukamwogopa mtu wa bima. La pili: umeandika kwamba nimekusamehe. Mimi sijamsamehe mtu. Nani kakwambia? Rekebisha."

Hapo ukakatika. Nimeusikiliza mara tano. Mara ya tatu niligundua kwamba nilikuwa nimesimama.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimeandika marekebisho kundini, kama alivyoagiza: kwamba lango ni la mbao, na kwamba msamaha uliotajwa haukuwahi kutolewa, nawaomba radhi wahusika wote, pamoja na jirani. Watu wameweka nyuso za kucheka thelathini na nne. Shangazi aliandika, "Nyie wazee hamna kazi."

Faraghani nilimwandikia kaka kumuuliza kama ninaweza kwenda. Alijibu kwa sauti, maneno machache: "Daraja likipona, njoo. Uje na karatasi yenyewe. Usinitumie."

Alhamisi, 2 Mei

Daraja bado. Mvua imepungua.

Jumamosi, 11 Mei

Binti yangu ameniuliza hukumu yangu. Niliugawa ukurasa katikati kwa rula, faida kulia, hasara kushoto. Simu ya picha na chai niliandika kulia, moyo mwekundu wa dada yake fundi kushoto. Nilipofika kwenye rambirambi nikashindwa niiweke wapi. Imewaliza watu bure, imemdhihaki marehemu mke wangu mbele ya watu wasiomjua, na imenipatia sauti ya kaka yangu. Nimemwandikia kwamba naomba aniongezee muda. Amejibu kwa kidole gumba. Sikuchukia.

Daraja limefunguliwa.

Jumanne, 14 Mei

Nipo nyumbani kwa kaka. Lango ni la mbao.

Aliyenifungulia ni shemeji. Alinitazama kuanzia viatu.

"Karibu, shemeji, uliyetuzika."

"Naomba radhi sana, shemeji."

"Radhi utaomba kwa yule aliyemo ndani. Mimi umenifanya mjane mchana mmoja, na wengine walishaanza kuniuliza nitahamia kwa mtoto gani. Nimewajua watu. Ingia, usilete matope."

Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, kofia ya stesheni kwenye goti. Nilimsalimu. Aliinua uso, lakini aliuelekeza upande wa mlango, mahali nilipokuwa nimesimama kabla, si mahali nilipokuwa. Ndipo nilipoyaona macho yake. Yamefunikwa na utando mweupe, yote mawili.

"Miaka mingapi?" nikauliza.

"Macho? Minne. Daktari anasema yamechelewa. Daktari yule naye alichelewa."

Msemaji alinieleza baadaye, tukiwa uani. Simu ya baba yake ni yeye anayeifungua. Kila jioni humfungulia ujumbe wote, humsomea ule anaoona una maana, basi. Alama ile ya kusoma, niliyoipima kwa majuma nane kama hakimu apimavyo ushahidi, ilikuwa kidole cha mtoto wake. Salamu yangu ya tarehe sita Machi hakusomewa. "Ilikuwa ndefu, baba mdogo," Msemaji akasema, akitazama chini. "Nilisema nitamsomea kesho."

Nilimwambia haidhuru. Hata barua yangu ya ukingo mweusi ilikuwa namna ya kusema kesho.

Baada ya chai kaka akauliza, "Karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Soma. Kwa mdomo wako. Nimesomewa na huyu anayesoma kama anapiga mnada."

Nilivaa miwani. Mstari wa kwanza haukuwa na shida. Kuanzia pale penye mke wangu sauti yangu ilikataa kunyooka. Kuandika sikuona aibu. Kusema mbele ya mtu anayepumua ni jambo jingine kabisa, nami namwomba radhi kijana wa kinanda kwa sehemu ndogo tu, maana yeye angalau alifika mwisho.

"Unaniambia nini hapo?" kaka akauliza.

"Nasema kwamba ningelia."

"Si ungelia. Nani alikukataza kulia? Ningekuja na treni ya saa moja. Nilikuwa na pasi ya bure maisha yangu yote, wewe ukaninunulia stempu."

Shemeji aliondoka na vikombe, ingawa kimoja kilikuwa bado na chai.

Nikaendelea. Kwenye lango alicheka kwa pua. Kisha nikafika: *Ninaamini kwamba kabla ya kufumba macho alikwisha kunisamehe.*

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

Aliigeuza kofia mara moja, akaisawazisha.

"Bado," akasema. "Kesho usome tena."

Jumatano, 15 Mei

Nimesoma. Bado.

Alhamisi, 16 Mei

Nimesoma. Amenisahihisha mwaka ambao daraja la reli lilijengwa, ambao haumo kwenye karatasi. Tukaongea juu ya daraja, baba, na mbwa aliyekuwa akimngojea baba stesheni, mpaka shemeji akawasha taa. Kuhusu mstari ule: bado.

Ijumaa, 17 Mei

Nilikuwa nirudi leo. Nimempigia fundi cherehani awaambie wenye rejesta wanivumilie. Ameuliza, "Amekusamehe?" Nikamwambia hapana. "Sasa unakaa kufanya nini?" Nikamwambia ninasoma. Akasema na yeye anafunga mapema leo, anapita mtaa wa pili. Hakusema kwa nani.

Jumapili, 19 Mei

Msemaji alitupiga picha barazani, bila kutuuliza, akaiweka kundini ikiwa na rangi zake zote. Ndani ya saa moja pamekuwa na mioyo hamsini na tatu. Wanaandika kwamba wazee wamepatana, kwamba damu ni damu. Kijana yule wa kinanda pia ameipata, sijui kwa njia gani, naye ameandika kwamba ameguswa.

"Wanasemaje?" kaka akauliza.

Nikamsomea.

"Hawajui lolote."

"Niwajibu?"

"Waache. Wamefurahi." Akaegemea kiti. "Picha yenyewe ikoje?"

Nikamweleza: yeye kushoto, mimi kulia, koti langu limefungwa kifungo cha makosa, yeye anatazama pembeni, mimi namtazama yeye.

"Wewe daima unanitazama kama ratiba," akasema. Leo hakunitaka nisome. Nilidhani amesahau, kumbe ilikuwa Jumapili, na stesheni yake haikuwa ikipokea mizigo Jumapili.

Jumanne, 21 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Baada ya chakula cha mchana alinyoosha mkono, akapapasa hewani, nikauwekea bega langu. Alitaka kujua kama nimekaa karibu. Akasema, "Haya, Bwana Karani."

Nilianza tangu juu, kama anavyotaka. Mtu wa saa. Treni. Barua. Ningelia. Sauti yangu sasa inafika bila kupasuka, na hapo penye lango alisema pamoja nami, kwa kichwa, *la jirani*. Kisha pumzi yake ikabadilika. Niliinua macho. Amesinzia, mstari mmoja kabla ya ule wa msamaha.

Ningeweza kuusoma hata hivyo, na kesho nikamwambia tulifika mwisho. Sikufanya hivyo. Naandika haya kwa mkono wa kulia, daftari likiwa gotini. Kidole cha kushoto kipo kwenye karatasi, pale nilipoishia, nami nangoja aamke.